Tandiko Lenye Nyufa: Raia Asiridhike na Neno "Udongo"



Kila mwanafunzi wa Kiswahili hukariri methali mbili kabla ya mtihani. Ya kwanza yasema: udongo uwahi ungali maji. Ya pili yasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tumezoea kuzifasiri kwa malezi ya watoto na tabia za vijana, na tafsiri hiyo ni sahihi. Leo naomba tuzisome kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani udongo kuwa udongo na ufa kuwa ufa. Chini ya majaa ya taka ya miji yetu kuna udongo, na katika udongo huo mna nyufa, na maji tunywayo hayako mbali.

Hoja yangu naitamka mapema ili asiwepo atakayesema nimezunguka. Kiongozi anayewaambia wananchi kwamba jaa ni salama kwa sababu "limetandikwa udongo wa mfinyanzi" hajawaambia kitu. Ametaja jina la kitu wala hakueleza hali yake. Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri na ukatunzwa ni kinga ya kuheshimiwa. Udongo huohuo ukiachwa juani siku chache tu waweza kugeuka chujio. Raia asiyeujua umbali uliopo kati ya kinga na chujio atadanganywa kila mwaka, kwa Kiswahili fasaha na kwa Kiingereza pia.

Msiba unaoonekana na msiba usioonekana

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi, katika wilaya ya Wakiso kaskazini mwa Kampala, uliporomokea nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walifariki. Jaa hilo lilikuwa likipokea taka za jiji tangu mwaka 1996. Mwezi uliofuata viongozi wa juu wa mamlaka ya jiji waliondolewa kazini. Miaka saba kabla ya hapo, mwezi Machi 2017, jaa la Koshe katika jiji la Addis Ababa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 110.

Misiba hiyo ilikuwa na kishindo. Kamera zilifika, viongozi walifika, hotuba zilitolewa. Sisemi kwamba Kiteezi kuliporomoka kwa sababu ya nyufa za udongo wa chini; mlima ule ulijengwa juu kupita kiasi, na mteremko uliolowa mvua una sababu zake. Ninachosema ni kwamba jaa lina njia ya pili ya kudhuru watu, nayo haina kishindo wala haivuti kamera. Mvua hunyesha juu ya taka, hushuka polepole ndani yake, na njiani huchukua chumvi, amonia, mabaki ya vyakula vilivyooza, na madini ya betri na mabati yaliyotupwa. Maji hayo meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka nitayaita mchuruziko. Mchuruziko ukifika chini hutafuta njia. Usipozuiwa huingia katika maji ya chini ya ardhi, na maji hayo ndiyo yatokayo kwenye chemchemi na visima ambavyo maelfu ya familia za Kampala bado huvitegemea.

Anayefukiwa na taka huzikwa mbele ya taifa zima. Anayekunywa mchuruziko kwa miaka 20 huugua kimya kimya, na hakuna tume inayoundwa kwa ajili yake.

Tandiko ni kazi

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu uongo mwingi hujificha katika msamiati. Mitaani twasema dampo. Vitabu husema jaa au jalala. Maneno haya yote hutaja mahali pa kutupa. Wahandisi wanapozungumzia jaa lililojengwa humaanisha kitu kingine: shimo au bonde lililoandaliwa, lenye tandiko chini, mabomba ya kukusanyia mchuruziko, na kifuniko juu. Tandiko ni lile tabaka la chini linalozuia mchuruziko usipenye ardhini. Katika nchi nyingi tandiko hilo hujengwa kwa udongo wa mfinyanzi, ama peke yake, ama chini ya karatasi nene ya plastiki.

Kanuni za Marekani za mwaka 1991 kuhusu majaa ya taka za miji zataka chini ya plastiki kuwe na udongo ulioshindiliwa wenye unene usiopungua sentimita 60. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 1999 wataka kinga ya ardhi yenye uwezo ulio sawa na tabaka la mita 1 kwa taka za kawaida. Katika kanuni zote mbili kipimo cha upenyezaji ni kilekile: udongo usipitishe maji kwa kasi inayozidi sentimita 1 iliyogawanywa mara milioni 10, kwa kila sekunde.

Tukipige hesabu kipimo hicho, maana hesabu si adui wa lugha. Kwa kasi hiyo, pasipo rundo la maji linaloukandamiza udongo kutoka juu, tabaka la maji lenye kina cha sentimita 3 hivi hupita kwa mwaka mzima. Katika hekta 1 hayo ni takriban lita 860 kwa siku, yaani madumu 43 ya lita 20. Zingatieni jambo hili: hata tandiko bora lililojengwa kwa kanuni zote hupitisha kitu. Nyufa zikiufanya udongo huo upitishe maji mara 100 zaidi, madumu 43 huwa 4,300 kwa siku, kutoka hekta moja tu. Jina la udongo halijabadilika, na wala taarifa ya serikali haijabadilika.

Kwa hiyo tandiko si kitu kinachonunuliwa na kumwagwa kutoka kwenye lori. Ni kazi. Udongo huchaguliwa, mabonge yake huvunjwavunjwa, hulowanishwa kwa kiasi maalumu, hutandazwa kwa matabaka yenye unene wa sentimita 15 hivi, na kila tabaka hushindiliwa kwa mtambo mzito wenye magurudumu ya meno ya chuma, ili tabaka la juu likamatane na la chini. Hatua moja ikirukwa, maji yatapata njia kati ya mabonge au kati ya matabaka.

Jua la wiki moja

Hapa ndipo methali ya kwanza inapotupa somo zito. Wafinyanzi wanajua kwamba udongo haufinyangiki ukiwa mkavu. Wahandisi nao wanajua kwamba udongo ukishindiliwa ukiwa na unyevu uliozidi kidogo kiwango mwafaka, mabonge yake hulainika na kuungana, na upenyezaji wake hushuka sana. Udongo uwahi ungali maji: mhandisi na mfinyanzi wanakubaliana.

Lakini kuna mtego. Chembe za mfinyanzi ni vipande vyembamba mno, na kati yake mna maji. Maji yakikauka, vipande husogeleana na udongo mzima hunywea. Usipopata nafasi ya kunywea kwa pamoja, hupasuka. Udongo ulioshindiliwa ukiwa na maji mengi ndio wenye maji mengi ya kupoteza, na kwa hiyo ndio unaopasuka zaidi. Unyevu uleule ulioufanya uzuie maji siku ya kujengwa ndio unaouandalia nyufa siku ya jua. Anayejenga tandiko zuri kisha akaliacha wazi amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha huiharibu ile aliyoifanya.

Mkandarasi hupenda kujenga kiangazi, kwa sababu mitambo haizami matopeni. Kiangazi ndicho msimu ambao jua hukausha uso wa udongo haraka kuliko msimu wowote. Tabaka la kwanza likipasuka, naye akatandaza la pili juu yake bila kulikwaruza, kulilowanisha na kulishindilia upya, nyufa huzikwa na hazionekani tena. Mgeni rasmi atakapokuja kukata utepe ataona uso laini. Nyufa zitakuwa zikisubiri chini.

Wala tusidhani kwamba ufa mwembamba ni jambo dogo. Maji yanapopita katika ufa, upana ukiongezeka mara 2, kiasi kinachopita huongezeka takriban mara 8. Ndiyo maana nyufa chache zinaweza kubatilisha hekta nzima ya kazi njema.

Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani David Daniel alichapisha uchunguzi wa matandiko ya udongo yaliyokwisha kujengwa. Alikuta kwamba upenyezaji halisi uwanjani ulikuwa mara 10 hadi 1,000 zaidi ya uliopimwa maabara. Maabara haikusema uongo. Ilipima kipande kidogo kilichoandaliwa kwa uangalifu, kisicho na ufa, kisicho na bonge, kisichowahi kuliona jua. Aliyepotosha ni yule aliyechukua namba ya kipande hicho akaitangaza kuwa namba ya uwanja mzima. Tangu wakati huo haijabaki hoja ya kuridhika na cheti cha maabara peke yake. Hata hivyo, mara ngapi mmesikia kiongozi akisema "wataalamu wamepima," bila kueleza walipima wapi, lini, na eneo la ukubwa gani?

Majibu tunayopewa

Watetezi wa mambo yalivyo wana majibu manne. Nitayataja kwa haki, kisha niyajibu.

Jibu la kwanza: udongo wa mfinyanzi hujiponya, ukilowa tena huvimba, na nyufa hufunga. Kuna ukweli ndani yake. Udongo uliopasuka ukilowa, nyufa nyingi hupungua. Lakini majaribio yameonyesha kwamba mara nyingi upenyezaji haurudi ulivyokuwa mpaka udongo ukandamizwe na mzigo mkubwa. Katika kifuniko cha juu cha jaa, mzigo huo haupo. Chini ya jaa jipya, mzigo haupo mpaka taka zirundikane. Je, maji ya kwanza kuingia katika nyufa yatakuwa ya nani kama si ya mchuruziko wenyewe? Zaidi ya hayo, mchanga na vumbi vikianguka ndani ya ufa huuzuia usifunge. Kidonda chenye uchafu hakiponi vizuri, hata kwa mwenye afya.

Jibu la pili: juu ya udongo kuna plastiki. Vyema, na iwepo. Plastiki nayo hutobolewa na mawe, huungwa vibaya na mafundi, hukunjamana. Udongo umewekwa chini yake kwa sababu wahandisi wanajua itavuja mahali fulani. Tena plastiki nyeusi ikiachwa juani bila kufunikwa hupata joto kali. Unyevu wa udongo ulio chini yake huwa mvuke mchana, usiku hugeuka matone, na katika mteremko matone hayo huteleza hadi chini. Udongo wa juu ya mteremko hukauka na kupasuka chini ya karatasi iliyodhaniwa kuulinda. Kinga mbili zikitegeana, hakuna inayofanya kazi.

Jibu la tatu: udongo wetu mwekundu si kama ule mweusi wa mbuga unaopasuka hata mguu wa ng'ombe ukazama. Ni kweli kwamba udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa nyanda za Athi nchini Kenya, huvimba na kunywea kupita udongo mwingi mwingine. Udongo mwekundu wa vilima vyetu, ambao sehemu kubwa ya mfinyanzi wake ni wa aina ya kaolini, hunywea kidogo zaidi. Kunywea kidogo zaidi si kutonywea kabisa. Na hiyo ndiyo sababu ya kupima udongo wa kila eneo, si sababu ya kutoupima.

Jibu la nne ndilo linalotolewa kwa sauti ya huruma: sisi ni nchi maskini, viwango hivyo ni vya matajiri. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa kuwa hutumia umaskini wetu kama shuka la kufunikia uzembe. Tazameni gharama zenyewe. Kunyunyizia udongo maji kila jioni ni gari la maji na dereva. Kufunika tabaka lililokamilika kwa mchanga, au kwa plastiki iliyowekewa udongo juu yake, ni kazi ya vibarua. Kulikwaruza na kulishindilia upya tabaka lililopasuka ni siku chache za mtambo ambao tayari upo uwanjani. Kujenga kwanza kipande cha majaribio, kukijaza maji na kupima yanavyoshuka, ni wiki kadhaa za subira. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji utajiri wa Ulaya. Kinachohitaji utajiri ni kusafisha maji ya chini ya ardhi yaliyokwisha kuchafuka, kazi inayozishinda hata nchi tajiri kwa miongo mingi. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kujenga vibaya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa chini ya ardhi hakuna ajuaye kuujenga kwa bei nafuu.

Haki ya kuuliza

Mtaniuliza: mwalimu wa lugha anahusikaje na udongo wa jaa? Anahusika kwa sababu raia anatawaliwa kwa maneno. Neno "salama" likisemwa bila kipimo, ni tambiko. Kazi ya elimu ya uraia ni kumfundisha mtu kudai kipimo.

Katiba ya Uganda, katika ibara ya 39, yampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 41 yampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile ambazo kutolewa kwake kwaweza kudhuru usalama wa taifa au faragha ya mtu. Sioni jinsi namba ya upenyezaji wa udongo inavyoweza kuhatarisha usalama wa taifa. Ibara ya 17 nayo yatutwika wajibu wa kuyatunza mazingira hayo, maana haki bila wajibu ni mkono mmoja usiolea. Katiba ya Kenya ina haki hizo mbili katika ibara za 42 na 35.

Na asiseme mtu kwamba haki hizi ni maandishi matupu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliochoshwa na moshi na uvundo wa jaa lililokuwa katikati ya makazi yao, walilishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Walishinda. Jiji likaomba kuongezewa muda wa kuendelea kutupa taka pale, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuendelea kuongeza muda, akaihusisha hatari ile na haki ya kuishi. Wale hawakuwa wahandisi. Walikuwa majirani waliojua kuuliza swali na kutokubali kupewa methali badala ya jibu.

Kampala na miji jirani inatafuta mahali papya pa kupeleka taka. Kila eneo litakalopendekezwa lina majirani. Nawashauri majirani hao, na nyinyi wanafunzi ambao baadhi yenu ni watoto wao, wasipinge kwa kelele tupu wala wasikubali kwa ahadi tupu. Waulize haya. Udongo wa hapa umepimwa, na unanywea kiasi gani ukikauka? Upenyezaji umepimwa uwanjani, au maabara tu? Tabaka lililokamilika litakaa wazi kwa siku ngapi kabla ya kufunikwa, na nani atalilowanisha? Likipasuka, nani ana mamlaka ya kumsimamisha mkandarasi? Visima vya uchunguzi vitachimbwa wapi kuzunguka jaa, na matokeo yake yatabandikwa wapi, kwa lugha gani?

Swali hilo la mwisho ni letu sisi wa Kiswahili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mama aliye kisimani kama maji yake yana amonia ni lugha ya sherehe tu. Ripoti ya jaa iandikwe kwa lugha anayoielewa anayeishi jirani na jaa, iwe Luganda, iwe Kiswahili, pamoja na Kiingereza cha wataalamu. Haihitaji ushairi. Inahitaji namba, tarehe na sahihi ya mtu anayeweza kuwajibishwa.

Kiongozi atakayejibu maswali hayo matano kwa namba anastahili kusikilizwa, hata kama jibu lake halipendezi. Atakayejibu kwa neno "udongo" pekee, arudishwe uwanjani akautazame jua likishakuwaka wiki moja.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Eleza maana ya wazi na maana ya ndani ya methali "udongo uwahi ungali maji". Kwa nini maana ya wazi haitoshi kwa mjenzi wa tandiko la jaa?

2. Mwandishi anasema neno "salama" bila kipimo ni tambiko. Je, unakubaliana naye? Toa mfano kutoka katika matangazo ya eneo lako.

3. Mwandikie barua rasmi msimamizi wa jaa la mji wako ukiomba matokeo ya vipimo vya maji. Taja ibara ya katiba ya nchi yako inayokupa haki hiyo.